Mipaka ya mimbari: Ni wapi mahubiri yanageuka kuwa uchochezi?

Na Mwandishi Wetu, Tanga

UWANJA wa Tangamano jijini Tanga una jina lisilohitaji mkalimani. Kutangamana ni kuchanganyika na kuishi pamoja, na kwa miaka mingi uwanja huo umewapokea wanasiasa wanaoomba kura na wahubiri wa dini wanaotangaza imani zao, kila mmoja kwa zamu yake na kila mmoja kwa vipaza sauti.

Vipaza sauti havichagui msikilizaji. Sauti inayotoka jukwaani huwafikia waumini waliokuja kwa hiari yao, na huwafikia pia wapita njia, wachuuzi na majirani wa imani nyingine ambao hawakualikwa. Je, mhubiri anaposema kwamba dini ya jirani yake ni ya uongo, ametumia uhuru wake au amevunja sheria? Na akiendelea kusema kwamba jirani huyo asinunuliwe bidhaa zake, asizikwe au afukuzwe mtaani, jibu linabadilika?

Mwambao wa kaskazini una sababu zake za kulichukua swali hilo kwa uzito. Wanahistoria wanaeleza kwamba mwaka 1888 huko Pangani, Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliingia msikitini pamoja na askari na mbwa wakati wa sikukuu. Kitendo hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita iliyoongozwa na Bushiri bin Salim, ambaye alinyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889.

Katika wilaya jirani ya Muheza, misheni ya Kianglikana ya Magila ilianza katika miaka ya 1860, katikati ya jamii ambayo Uislamu ulikuwa ukienea kutoka pwani. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: ukoo mmoja wa Kibondei unaweza kuwa na Hamisi na Yohana, na msiba wa mmoja ni msiba wa wote. Watu wa namna hiyo wakichonganishwa kwa jina la dini, ugomvi huanzia sebuleni.

Katiba inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kupitia haki zilizoingizwa humo mwaka 1984, inalinda mambo mawili yanayohusika hapa. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani, na inatamka kuwa kazi ya kutangaza na kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi.

Hata hivyo, Ibara ya 30 inaweka mpaka. Haki hizo hazipaswi kutumiwa kwa namna itakayoingilia haki na uhuru wa watu wengine au maslahi ya umma. Kwa lugha nyepesi, Katiba inampa mhubiri jukwaa, lakini haimpi ruhusa ya kumnyang'anya msikilizaji usalama wake.

Ugumu unaanza pale sheria ndogo zinapojaribu kuuchora mpaka huo. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya kuwa kosa la jinai kutamka neno, kutoa sauti au kuonyesha ishara kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja.

Kifungu hicho hakikubuniwa Dodoma wala Dar es Salaam. Maneno yake yanafanana mno na kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na Waingereza waliotaka koloni lao litulie. Lengo la mtawala lilikuwa kuzuia fujo, na kulinda mjadala halikuwa jukumu lake. Taifa huru lilirithi sheria hiyo pamoja na kasoro yake: inapima zaidi maumivu ya anayesikia kuliko hatari inayoletwa na anayesema.

Maneno matatu mahakamani

Kasoro hiyo ilijitokeza waziwazi mwaka 2001. Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ilimtia hatiani mhadhiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, chini ya kifungu cha 129. Maneno yaliyompeleka kizimbani yalikuwa matatu: Yesu si Mungu. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18, ingawa kifungu chenyewe hakiruhusu zaidi ya miezi 12.

Hukumu hiyo iliamsha hasira kubwa. Agosti mwaka huo waandamanaji wa Kiislamu jijini Dar es Salaam walikabiliana na polisi. Mahakama Kuu iliipunguza adhabu na mhadhiri huyo akaachiwa, lakini hatia ilibaki. Akakata rufaa.

Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu wa wakati huo, Barnabas Samatta, iliifuta hatia hiyo. Msingi wa uamuzi wake ni muhimu kwa kila anayepanda mimbari: kwa Mwislamu, kusema kwamba Yesu si Mungu ni kutangaza imani yake, na Katiba inamruhusu kuitangaza. Kwamba Mkristo aliyesikia aliumia haitoshi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba msemaji alikusudia kuumiza.

Uamuzi huo unamlinda pia Mkristo. Mchungaji anayehubiri kwamba hakuna wokovu nje ya Kristo, au kwamba hamtambui Muhammad kuwa mtume, anasema jambo ambalo Mwislamu hawezi kulikubali. Kama kila tamko la namna hiyo lingekuwa kosa, magereza yasingewatosha mashehe na wachungaji. Dini hizi mbili zinapingana katika misingi yake, na kuzitaka zisipingane ni kuzitaka zinyamaze zote.

Maneno yalipogeuka damu

Lakini historia ya miongo ya karibuni inaonyesha pia kwamba maneno hayabaki kuwa maneno siku zote. Tangu miaka ya 1980, mihadhara ya kulinganisha dini ilienea mijini, baadhi ya wahadhiri wa Kiislamu wakitumia Biblia kuukosoa Ukristo, na wahubiri wa Kikristo wakijibu kwa mikutano yao. Kaseti zilirekodiwa na kuuzwa sokoni. Aprili 1993, mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa jijini Dar es Salaam.

Februari 1998, malalamiko kwamba mihadhara ilikuwa inaukashifu Ukristo yalifuatiwa na operesheni ya polisi katika Msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam. Watu wasiopungua wawili waliuawa kwa risasi. Kitabu cha Hamza Njozi kuhusu mauaji hayo, kilichotoka mwaka 2000, kilipigwa marufuku na serikali. Marufuku hiyo haikufuta kumbukumbu. Kwa Waislamu wengi ilithibitisha kwamba dola ilikuwa imechagua upande.

Kipindi kigumu zaidi kilikuja mwaka 2012 na 2013. Oktoba 2012, huko Mbagala, mabishano ya watoto wawili yaliishia kwa mmoja wao kukojolea msahafu. Habari ilisambaa, na Ijumaa ya Oktoba 12 umati ulishambulia makanisa kadhaa. Februari 2013, ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuchinja huko Buseresere, Geita, ulisababisha kifo cha mchungaji mmoja wa Kipentekoste. Siku chache baadaye Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar.

Mwishoni mwa mwezi huo, Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia kwa miezi sita redio mbili za dini: Radio Imaan ya Morogoro, iliyodaiwa kuwashawishi wasikilizaji kususia sensa ya mwaka 2012, na Kwa Neema FM ya Mwanza, iliyodaiwa kuchochea mgogoro wa kuchinja.

Adhabu ilikuwa moja, lakini makosa hayakufanana. Kuwaambia watu wasihesabiwe ni msimamo dhidi ya serikali. Kuwasha hasira kuhusu machinjio, wakati damu imeshamwagika Geita, ni jambo jingine. Mdhibiti anapotumia rungu moja kwa yote mawili, msikilizaji hajifunzi tofauti, na anayeadhibiwa huona ameonewa tu.

Maswali sita

Kuna kipimo bora zaidi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unazitaka nchi kupiga marufuku kwa sheria uenezaji wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya kidini unaochochea ubaguzi, uhasama au vurugu. Kinachokatazwa hapo ni uchochezi. Kukosoa dini, hata kwa ukali, hakumo.

Oktoba 2012, siku chache kabla ya vurugu za Mbagala, wataalamu waliokutana chini ya Umoja wa Mataifa mjini Rabat, Morocco, walikubaliana juu ya maswali sita ya kujiuliza kabla ya kumshtaki mtu kwa uchochezi.

Swali la kwanza ni mazingira: je, maneno yalisemwa wakati wa utulivu au wakati watu tayari wameshika mapanga? La pili ni msemaji: je, ana hadhi ya kufuatwa, kama shehe, askofu au kiongozi wa kundi? La tatu ni nia yake. La nne ni maudhui na namna yalivyosemwa, yaani kama yalikuwa hoja au wito wa kutenda. La tano ni upana: watu kumi barazani au maelfu redioni? La sita ni uwezekano wa madhara kutokea, na ukaribu wake.

Tuchukue mfano. Mhadhiri anayesema barazani kwamba Utatu hauna msingi, amejibu vibaya swali la kuchagua marafiki, lakini hakuchochea. Mhubiri anayesema Uislamu ni upotofu, vivyo hivyo. Lakini kiongozi mwenye wafuasi, anayetangaza redioni katikati ya mgogoro kwamba wa dini fulani ni maadui na waondolewe mtaani, majibu ya maswali yote sita yanamwelemea. Huyo hata akinukuu kitabu kitakatifu, ukurasa aliounukuu haumwoshi.

Kwa ufupi, imani inaweza kushambuliwa kwa hoja. Mwenye imani hawezi kushambuliwa.

Somo la Arusha na la Mombasa

Mifano miwili ya karibu inaonyesha gharama ya kuchelewa na gharama ya kukosea njia.

Wa kwanza ulisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Desemba 2003, mahakama hiyo iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Redio hiyo iliwaita Watutsi mende. Novemba 2007, majaji wa rufaa walipunguza vifungo vyao kuwa kati ya miaka 30 na 35, wakaweka tofauti kati ya maneno ya chuki kwa jumla na wito wa moja kwa moja wa kuua, ambao waliuona katika matangazo ya baada ya Aprili 6, 1994.

Majaji walikuwa makini hivyo hata katika kesi ya mauaji ya kimbari. Lakini somo lingine ni kwamba sheria iliyongojea hadi wito wa kuua utolewe ilikuta makaburi yamekwisha kuchimbwa. Chuki ya miezi iliyotangulia ndiyo iliyoandaa masikio.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mjini Mombasa, mahubiri ya Sheikh Aboud Rogo yaliyorekodiwa yalisambaa pwani nzima. Julai 2012 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo kwa madai ya kulisaidia kundi la Al-Shabaab. Agosti 27 mwaka huo, akiwa na kesi mahakamani nchini Kenya, alipigwa risasi na kufa. Vurugu zilizofuata ziligusa makanisa yasiyo na hatia. Aprili 2014 mwenzake, Abubakar Shariff, maarufu kwa jina la Makaburi, naye aliuawa kwa risasi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 33, inasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi matamshi ya chuki wala uchochezi wa vurugu. Sheria ilikuwepo na mahakama ilikuwepo. Risasi ilipotangulia hukumu, wafuasi walipata shahidi badala ya kuona hoja zake zikipimwa hadharani, na kanda zake ziliendelea kusikilizwa.

Sheria ni msumeno

Wapo wanaosema dawa ni kuwapa mamlaka nguvu zaidi. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na yapo matukio ya hapa nchini yanayotahadharisha.

Viongozi wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, akiwamo Sheikh Farid Hadi Ahmed, walikamatwa baada ya vurugu za Oktoba 2012 visiwani humo. Baadaye, kuanzia mwaka 2014, walishikiliwa Tanzania Bara kwa mashtaka ya ugaidi. Walikaa rumande hadi Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka hayo. Baada ya takriban miaka saba, umma haukupata hukumu. Aliyeamini kwamba walichochea hakuonyeshwa ushahidi, na aliyeamini kwamba walionewa alipata sababu ya kuamini zaidi.

Juni 2025 ilikuwa zamu ya kanisa. Msajili alilifutia usajili Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, baada ya askofu huyo kulaani hadharani utekaji wa watu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mahubiri yake yaliwachonganisha wananchi na serikali yao.

Hapo ndipo maneno mawili yanayofanana yanapohitaji kutenganishwa. Kuwachonganisha Waislamu na Wakristo kwa kuwaita maadui kunahatarisha maisha ya majirani. Kuikosoa serikali kutoka mimbarini kunaweza kuwaudhi wakubwa, lakini serikali haina nyumba ya ibada inayoweza kuchomwa moto na umati. Sheria inayowalinda wanyonge dhidi ya chuki ikigeuzwa ngao ya wenye mamlaka, watu huacha kuiamini hata siku inapotumika kwa haki.

Mwaka 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha iliona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka mkataba wa jumuiya hiyo. Neno uchochezi likiachwa bila mipaka, kila mwenye cheo hulijaza maana aipendayo.

Kutoka kaseti hadi simu

Kazi imekuwa ngumu zaidi kwa sababu jukwaa limehama. Zamani polisi aliweza kuhudhuria mhadhara na kuandika kilichosemwa. Leo kipande cha sekunde 30 hukatwa kutoka hotuba ya saa mbili, kikarushwa kwenye makundi ya simu, na kufika Muheza na Mkinga kabla msemaji hajashuka jukwaani.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza, pamoja na mambo mengine, kumtukana mtu kupitia mtandao kwa sababu ya dini yake. Ina nguvu ya kulenga mtu badala ya imani. Hata hivyo, tusi na wito wa vurugu ni vitu viwili, na sheria isiyovipambanua humsumbua kijana mwenye mdomo mchafu na kumwacha mchochezi anayezungumza kwa adabu.

Aidha, uvumi hauhitaji mhubiri. Wakazi wa Tanga wanakumbuka Februari 2015, vyombo vya usalama vilipopambana na watu wenye silaha katika mapango ya Amboni, askari wakajeruhiwa na mmoja kupoteza maisha. Wanakumbuka pia usiku wa Mei 31, 2016, watu wanane walipouawa Kibatini. Katika siku za namna hiyo, ni rahisi kumnyooshea kidole kila mwenye ndevu na kanzu. Nayo ni chuki ya kidini, ingawa haitamkwi mimbarini, na waathirika wake ni waumini wasio na habari na mapango wala bunduki.

Tangamano

Mahakama huingia baada ya neno kutoka. Kabla ya hapo kuna kinga ambazo mwambao huu unazo kwa wingi: watani wanaotaniana bila kukasirikiana, misiba inayochimbiwa kaburi na wa dini zote, na viongozi wa dini wanaojuana kwa majina na kuweza kupigiana simu uvumi unapoanza. Kiongozi anayemkemea mchochezi wa upande wake mwenyewe husikilizwa kuliko mkuu wa polisi.

Kinga hizo haziondoi wajibu wa dola. Dola inatakiwa kuvumilia hoja kali, kuchukua hatua mapema dhidi ya wito wa kudhuru, kumfikisha mshtakiwa mahakamani kwa wakati, na kutumia kipimo kile kile kwa shehe, askofu na mwanasiasa. Ikishindwa katika moja ya hayo, mengine matatu hupoteza nguvu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwenye kipaza sauti akijikwaa ulimi, wanaoumia mara nyingi ni wengine: mwenye bucha, mlinzi wa kanisa, mama aliyekuwa akirejea kutoka sokoni. Hao ndio sheria inapaswa kuwatazama kwanza inapoamua mahubiri yaishie wapi.